Nongo ya Buluu

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Marehemu mama yangu kule Sumbawanga alikuwa akisema kwamba siku nikifa nitaamka kidogo niulize jeneza limenunuliwa wapi. Kwa hiyo Hamisa binti Mwinyimadi alipopewa kona jirani na cherehani yangu hapa Tangini, Kibaha, akaanza kupapasa magari ya watu huku amefumba macho, sikuweza kukaa kimya. Nilivumilia asubuhi moja tu, na hata hiyo nilivumilia kwa shida.

Siku hiyo alikuwa amevaa mkononi karatasi laini ya nailoni, ile inayofungia mkate, anaipitisha juu ya boneti ya gari lililokwisha kuoshwa. Nikaacha gauni la mtu kwenye sindano, nikaenda.

"Unatafuta nini humo?"

"Weka mkono, mama Fabian," akaniambia. Nikaweka. Boneti ilikuwa laini, nikamwambia hivyo. Akanivisha ile nailoni. "Sasa weka tena."

Nikaweka tena, nikasikia chembechembe chini ya vidole, boneti nzima, kama unga wa dona. Nikaivua nailoni, laini. Nikaivaa, dona. Nilirudia mpaka mwenye gari akaanza kunitazama vibaya. Hamisa akasema mkono mtupu huteleza juu ya uchafu mdogo usiusikie, lakini ukiwa ndani ya nailoni unasikia kila kitu. Kwa nini iwe hivyo hakujua, na mimi hadi leo sijapata wa kunieleza. Lakini nilijua nimepata jirani.

Uwanja ule wa kuoshea magari ni wa Evance, kijana wa Kihaya mwenye maneno machache na mipira mingi ya maji. Wateja walikuwa wakimuuliza habari za polishi, na yeye alikuwa anajua sabuni tu, ndiyo maana akampa Hamisa ile kona yenye turubai. Siku za mwanzo watu walikuwa wanampita Hamisa na kwenda kumuuliza Evance fundi yuko wapi. Evance alikuwa anaelekeza kwa kidevu. Wengine waliondoka. Waliobaki walirudi na ndugu zao.

Sasa nieleze alikotoka, maana nilimuuliza yote. Amezaliwa Kurui, huko ndani Kisarawe, kwenye mikorosho na mihogo. Shangazi yake alikuwa msuguaji wa maharusi, na Hamisa alilelewa akitwanga singo ya kuwasugulia: liwa, karafuu, maua makavu, kisha marashi ya kulainishia. Alijua mapema ngozi ipi inataka singo iliyotwangwa ikalainika na ipi inavumilia chengachenga. Akahamia Kibaha na kazi hiyohiyo, akawa anaitwa nyumba hadi nyumba. Kisha siku moja, kwenye harusi ya watu, gari la kumchukua bibi harusi likaja limepauka kama goti la mtoto. Hamisa akachukua kitambaa na kijidawa kilichokuwa ndani ya gari, akaanza na mlango mmoja, ili tu bibi harusi asipitie penye uchafu. Aliniambia alipouona uso wake ndani ya ule mlango alishtuka, akasahau alikuja kufanya nini. Bibi harusi alipoitwa atoke, ikabidi asubiri gari limalizike. Baada ya hapo Hamisa hakusugua watu tena. Alimtafuta fundi kule mtaa wa Gerezani, akajifunza mashine.

Basi mimi nikawa mwanafunzi asiyelipa ada. Nilitaka kujua zile sponji za mviringo anazobandika kwenye mashine, kwa nini ziwe nyingi. Mafundi wengine huziita pedi. Hamisa alilikataa jina hilo tangu siku alipoliomba dukani, muuzaji akamfungia kitu kingine kabisa kwenye gazeti, kwa adabu, bila kumtazama usoni. Kwa hiyo ni sponji. Kuna ya manyoya, kali, inayokula mikwaruzo ya kina. Kuna ngumu, kuna ya kati, na kuna nyeusi laini kabisa isiyokwaruza kitu, ya kupakia tu. Kila gari lilipoletwa alichagua mahali padogo pasipoonekana sana, akaanza na sponji laini. Mikwaruzo ikitoka, hapandi kwenda kwenye ngumu. Isipotoka, anapanda ngazi moja, anajaribu tena.

Niliona anapoteza wakati. "Si uanze na ya manyoya umalize mapema?"

"Mama Fabian, bibi harusi ukimsugua kwa brashi ya kufulia atatakata," akasema. "Lakini nani atamuoa?"

Nikamuuliza pia habari za ile dawa ya mwisho, nzito kama uji wa mgonjwa, ambayo mafundi huiita glezi. Kumbe polishi inakula rangi kidogo sana, inaushusha uso wote ulingane na mkwaruzo. Glezi haili kitu. Inajaza vijimikwaruzo vilivyobaki na kuipa rangi mafuta, gari linapata kina, unaona kama unaweza kutumbukiza mkono. Ukiliosha mara kadhaa, inaondoka. Nikasema huo ni udanganyifu. Akaniuliza kama wanja nao ni udanganyifu. Lakini kila mteja alikuwa anamwambia wazi: hii ya juu itaondoka, usije ukanilaumu.

Kilichokuwa kinamuuma Hamisa ni kimoja, na kila aliyekaa naye alikijua. Baba yake, mzee Mwinyimadi, alikuwa hataji kazi yake. Hakumgombeza, hakumkataza. Alikuwa hataji tu. Akija Kibaha kwa shughuli zake alikuwa anakaa kwenye benchi langu, ameligeuzia mgongo lile turubai, tunazungumza habari za mvua na bei ya korosho. Siku moja mteja wangu mmoja, mwenyeji wa Kisarawe, akamuuliza habari za Hamisa. Mzee akajibu bila kusita, "Yuko mjini huku, anapamba maharusi." Na Hamisa yuko nyuma yake, mashine mkononi, miaka minne tangu ashike liwa mara ya mwisho. Mashine ilikuwa imezimwa, kwa hiyo alisikia.

Mzee alipoondoka nilikuwa nimefura. Hamisa akaniambia nisimseme baba yake. "Mimi sitaki anisifu," akasema. "Nataka siku moja aiseme kwa mdomo wake ninachofanya. Mara moja tu inanitosha."

Ndipo ikaja harusi ya mdogo wake, Rukaya. Mzee ana Pijo 504 ya buluu, ya ujana wake, na alikwisha kusema hakuna binti yake atakayetoka nyumbani kwake ndani ya gari la kuazima. Rukaya naye akasema, naye ana kichwa kama cha baba yake, kwamba hapandi Pijo hiyo mpaka dada yake aisugue. Wakavutana hivyo hadi siku moja kabla ya harusi, mzee akaileta Tangini. Aliegesha, akasalimiwa, akaitika, akavuta kiti karibu ili aone. Safari hii uso aliupeleka kwenye turubai, na mimi moyo wangu ukaruka kwa ajili ya Hamisa.

Gari lile lilikuwa na kisa chake. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, mzee alikuwa anapaka miguu mafuta ya nazi, na yaliyobaki mkononi anampaka Pijo. Wazee wengi wa huko hufanya hivyo, na siku hiyohiyo gari humeremeta kweli. Ila vumbi la Kurui huja likakaa juu ya mafuta, na Ijumaa nyingine yanapakwa mengine juu ya vumbi. Fikiria Ijumaa zote za umri wa mtu. Hamisa alipopitisha kitambaa kilitoka na kitu kama ugoro. Ikambidi alivue gari lile mafuta yote kwa sabuni ya vyombo, mara ya kwanza na ya pili, na lilipokauka tukaona rangi yake halisi. Ilikuwa imepauka, nyeupenyeupe kama chaki.

Mzee alisogeza kiti tu.

Hamisa akagawa gari katikati kwa utepe wa karatasi, kuanzia boneti, juu ya paa, hadi buti. Upande wa kushoto ulikuwa ndani ya kivuli cha turubai, akaanza huo, maana polishi haipendi jua. Akachukua sponji laini, akaweka matone ya polishi, akawasha mashine pole pole. Kidogo tu, akaiinua. Sponji ilikuwa buluu.

"Hiyo ni nini?" nikauliza mimi, na mzee akainama kusikiliza jibu.

Hamisa akaeleza kwamba magari ya siku hizi yana ngozi ya juu isiyo na rangi, ndiyo unayoisugua, kwa hiyo sponji haishiki rangi. Ya zamani hayana ngozi hiyo. Ni rangi moja kutoka juu hadi kwenye bati, na ya juu imekufa kwa jua. Hiyo iliyokufa ndiyo inayotoka, na ya chini yake ni nzima.

"Ni nongo tu, baba."

"Nongo ya buluu?"

"Ndiyo, baba."

"Nongo ni nyeusi," akasema mzee. "Nimeoga maisha yangu yote."

Mimi nikacheka. Mzee hakucheka, na ningekuwa na akili ningeona hapo kwamba mambo hayaendi vizuri.

Alikaa akitazama. Kila sponji iliyochafuka Hamisa aliitupa ndani ya ndoo na kuchukua nyingine, na kila ilipotupwa macho ya mzee yaliisindikiza. Adhana ya adhuhuri ikaita, akaenda kuswali. Hamisa akaongeza mwendo. Akamaliza polishi upande wa kushoto, akabandika ile sponji nyeusi, akapakia glezi kwa duara ndogondogo, bila kubonyeza, akaiacha ikae. Alipoifuta nilikwenda kusimama mbele ya mlango wa nyuma, nikaiona cherehani yangu yote mle, hadi uzi. Buluu ile sijui niiite buluu gani. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba rangi inaweza kuwa chini ya rangi, imekaa tu, inasubiri. Hamisa alikuwa anatabasamu peke yake. Akaupeleka ukingo wa turubai kulia, akachukua ndoo kusuuza sponji aanze upande wa pili.

Na mzee akarudi. Laiti angepita kwangu, upande wa kushoto. Lakini alitokea barabarani, akafikia upande wa kulia, upande wa chaki. Kando ya gurudumu ilikuwa ile ndoo, maji buluu tupu hadi ukingoni. Akaitazama ndoo, akalitazama gari.

"Gari langu liko kwenye ndoo," akasema.

"Baba, zunguka huku uone."

"Nimeona. Hicho kilichobaki nitaondoka nacho." Akafungua mlango wa dereva, ambao ndio uleule wa kulia, akakaa. Hamisa alishika dirisha. "Baba, njoo uone upande wa pili kwanza." Mzee akawasha gari. Utepe ulikuwa bado umebandikwa juu ya paa, ukaondoka naye, ncha yake inapepea.

Hamisa alibaki amesimama na sponji, inamchuruzikia miguuni. Alilia. Na mimi nilikuwa na hasira kiasi kwamba nililishona shati la mtu mikono ndani nje, ikabidi nilifumue lote.

Kesho yake tulikwenda Kurui, maana harusi ni harusi. Gari likatokea na bibi harusi ndani. Waliosimama upande huu wa njia walipiga vigelegele vya ajabu, wa upande ule walipiga vya kawaida. Bibi mmoja, shangazi wa baba yao, aliliona likija akavuka njia, akaliona likienda, akauliza lile jipya limepita wapi na hili bovu ni la nani. Mpiga picha alihamishia watu wote kushoto. Kila kundi likija, "kushoto, mama, kushoto," hadi nyasi za kushoto zikalala. Mzee Mwinyimadi alikuwa amesimama kulia, kanzu nyeupe, mikono nyuma, kama mlinzi wa ule upande. Hamisa alimpa shikamoo, akaitika marahaba, basi.

Nilimkuta Hamisa uani, amejificha nyuma ya sufuria za pilau, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Afadhali lingekuwa bovu lote," akaniambia. "Nusu ni mbaya zaidi. Kila atakayeliona atauliza nani kafanya hivi."

Baada ya harusi alimpigia simu baba yake alilete amalizie. Mzee akasema atalileta. Hakulileta. Akapiga tena, akaambiwa yaleyale. Masika yakaingia, yakatoka. Watu wa Kisarawe wakija kwangu kushonewa walileta habari: Pijo imeonekana Maneromango, Pijo imeonekana mnadani, nusu kioo nusu chaki, na mzee ndani yake amekaa wima. Kila habari ilipofika Hamisa alikuwa anazidi kunyamaza. Aliamini baba yake anamtembeza wilaya nzima ili watu waone alivyoharibu. Nikamtetea mzee? Hata kidogo. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Asubuhi moja Pijo ikaingia uwanjani kwa Evance. Mzee akaiegesha kwa uangalifu, upande wa kushoto ukiwa chini ya turubai, akashuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huku kumeanza kufifia." Aligusa mlango wa kushoto kwa ncha ya kidole. "Nimeacha mafuta ya nazi. Naosha kwa maji tu. Lakini kunafifia."

"Ile ya juu huondoka," akasema Hamisa. "Nitalifanya lote leo, baba. Halitachukua siku mbili."

"Kushoto tu."

Hamisa akainamisha kichwa. Hapo mimi uvumilivu ukaniishia. Nikaacha cherehani.

"Mzee wangu, samahani, mimi ni mtu wa kuuliza," nikasema. "Huyu mtoto amekukosea nini hata umzungushe hivi na nusu gari?"

Mzee akakaa kwenye kile kiti.

"Siku ile nikirudi nyumbani, nilipofika Mzenga," akasema, "jua lilikuwa mbele. Nikatazama boneti. Upande wangu, hakuna kitu. Upande wa pili nikaona mawingu. Yanatembea kwenye boneti. Nikasimama njiani nikashuka, nikazunguka." Akaitazama boneti. "Nilitaka kurudi. Lakini mtu umeshasema maneno mbele za watu, unarudi na uso gani? Nikaenda nyumbani. Harusini nikasimama kwenye upande mbovu, ule mzuri waone wao."

"Sasa si ulilete limalizike," nikasema.

"Wewe mama, husikii. Nikisimama popote, mnadani, msikitini, popote, watu wananijia. Mzee, hili gari limekuwaje? Wanazunguka kulia, wanazunguka kushoto. Wanauliza. Likiwaka lote nani ataniuliza? Watasema Mwinyimadi kapiga rangi, watapita."

Hapo hata Evance alikuwa ameacha kusugua gurudumu. Nikamuuliza mzee swali lililobaki, maana lilikuwa limebaki moja tu.

"Na wakikuuliza, unawajibu nini?"

Mzee akazitazama zile sponji zilizopangwa mezani, moja moja, kama anayezihesabu.

"Nawaambia binti yangu Hamisa ni fundi wa polishi ya magari. Yuko Kibaha, Tangini."

Hamisa alikuwa ameshika mashine kifuani. "Sijasikia vizuri, baba," akasema. "Mashine inapiga kelele."

Waya wa mashine ulikuwa umening'inia, haujachomekwa popote. Mzee akautazama ule waya, akamtazama bintiye, kisha akarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya shamba, mpaka Evance akafunga maji.